Kibali cha Mfalme na Neema ya Mungu

Katika maombi yetu ya alfajiri na katika mikesha yetu kuna neno moja tunalolisikia karibu kila mara: kibali. Tunamwomba Mungu atupe kibali mbele ya mwajiri, mbele ya ofisa wa mikopo, mbele ya mkuu wa shule, mbele ya wenye mamlaka. Hatukosei kuomba hivyo. Yusufu alipata kibali nyumbani kwa Potifa, Nehemia mbele ya mfalme wa Uajemi, na Esta katika nyumba ya Ahasuero, na kwa njia hiyo watu wengi waliokolewa. Hata hivyo liko swali ambalo maombi yetu hulipita haraka. Kibali cha mkubwa humfanya nini mtu aliyekipata? Je, anayeishi kwa mkono wa mwingine aweza bado kusema kweli, kumtetea aliyeanguka, na kumwabudu Mungu peke yake?

Tunapenda kulitazama swali hili kwa msaada wa historia ya Ufaransa katika karne ya 17, zamani za Mfalme Louis wa 14. Katika jumba la mfalme huyo utajiri, ufadhili na upendeleo vilifungamana kwa namna ambayo ni rahisi kuiona. Majina ya watu yanajulikana, na matendo yao pia. Tukiwatazama wao, huenda tukajitambua sisi wenyewe.

Karamu ya Vaux

Nicolas Fouquet alizaliwa mwaka 1615. Kuanzia mwaka 1653 alikuwa msimamizi mkuu wa fedha za ufalme. Kazi yake ilikuwa kutafuta fedha za vita na za serikali, naye alizipata kwa kukopa kwa matajiri, mara nyingi kwa dhamana ya jina lake mwenyewe. Kwa utaratibu huo mfuko wa mfalme na mfuko wa msimamizi vilichanganyikana, hata ikawa vigumu kusema ipi ni ya nani. Fouquet alitajirika sana. Alijenga jumba la Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki mwa Paris, akawaita mafundi bora wa nchi: Louis Le Vau wa majengo, Charles Le Brun wa michoro, na André Le Nôtre wa bustani. Aliwafadhili pia waandishi. Jean de La Fontaine, ambaye baadaye hadithi zake za wanyama zilisomwa duniani kote, alipokea posho kwake na kumlipa kwa mashairi.

Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme Vaux. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 22. Palikuwa na chakula kingi, chemchemi za maji bustanini, mchezo mpya wa kuigiza wa Molière, na fataki usiku. Mwenyeji alidhani anampa mfalme heshima. Majuma matatu hayakwisha. Tarehe 5 Septemba, siku mfalme alipotimiza miaka 23, Fouquet alikamatwa katika mji wa Nantes na askari wa mfalme wakiongozwa na d'Artagnan.

Wengi husimulia kwamba karamu ndiyo iliyomponza, kwa kuwa mfalme aliona wivu. Ukweli ni kwamba mfalme alikuwa amekwisha kuamua kabla ya karamu. Tena kuna jambo lenye fundisho kubwa zaidi. Fouquet alikuwa na cheo kingine, cha mwendesha mashtaka mkuu katika mahakama kuu ya Paris. Cheo hicho kingempa haki ya kuhukumiwa na mahakama hiyo, siyo na watu walioteuliwa kwa ajili yake. Mwaka ule ule wa 1661 alishawishiwa akiuze, naye akampa mfalme sehemu kubwa ya fedha alizopata. Yaani ili ampendeze mfalme, aliivua ngao yake kwa mikono yake mwenyewe.

Je, alikuwa mwizi? Hatumtetei kuwa mtakatifu. Nyumbani kwake zilikutwa karatasi zenye mpango wa kujihami kwa nguvu endapo angekamatwa. Lakini tumtazame Kardinali Mazarin, waziri mkuu aliyefariki Machi mwaka huo huo. Aliacha mali inayokadiriwa kufikia livre milioni 35, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, mojawapo ya mali kubwa kabisa aliyowahi kuwa nayo mtu asiye mfalme katika nchi ile. Naye aliipata katika utumishi wa serikali ile ile. Mazarin alifia kitandani, akiheshimiwa. Na mtu aliyekuwa akimtunzia Mazarin mali yake, Jean-Baptiste Colbert, ndiye aliyesukuma mashtaka dhidi ya Fouquet. Kwa hiyo tofauti ya hao wawili haikuwa katika kosa. Mmoja alikufa akiwa na kibali, mwingine alikipoteza akiwa hai.

Kesi ilichukua miaka mitatu. Desemba 1664 waamuzi 22 walipiga kura: 9 walitaka auawe, 13 walitaka afukuzwe nchini. Mfalme aliibadilisha hukumu hiyo, si kwa kuipunguza bali kwa kuiongeza. Akaamuru Fouquet afungwe maisha. Alipelekwa katika ngome ya Pignerol milimani, akafia huko mwaka 1680. Le Vau, Le Brun na Le Nôtre walikwisha kuhamia kwa mfadhili mwingine. Mfalme aliwachukua wamjengee Versailles. Wazee wetu wangesema, aliye juu mngoje chini.

Inasimuliwa kwamba mama yake Fouquet, mwanamke aliyejulikana kwa kuwahudumia maskini na wagonjwa, aliposikia mwanawe amekamatwa alipiga magoti akamshukuru Mungu, akitumaini kwamba sasa mwanawe ataweza kuokoka. Ni shukrani ngumu kuielewa. Mama yule aliona jambo ambalo wageni wa Vaux hawakuliona: kwamba mwanawe alikuwa kifungoni muda mrefu kabla askari hawajamfikia.

Akufaaye kwa dhiki

Fouquet alipoanguka, wengi waliokula mezani pake hawakumjua tena. Wala tusiwacheke. Karatasi zake zilikuwa mikononi mwa serikali, na kila aliyewahi kupokea fedha kwake aliogopa jina lake lisionekane humo. Kunyamaza lilikuwa jambo la busara.

Wachache hawakunyamaza. La Fontaine aliandika shairi la kumwombea mfadhili wake huruma ya mfalme, wakati ambapo hakuwa na posho tena ya kutarajia. Madame de Sévigné aliandika barua kueleza mwenendo wa kesi siku kwa siku, kwa huzuni ya rafiki. Mwamuzi Olivier d'Ormesson, aliyejua vizuri mfalme anataka nini, alisoma ushahidi na kupendekeza Fouquet afukuzwe nchini, si kuuawa. Kazi yake katika utumishi wa mfalme haikusonga mbele tena. Na Paul Pellisson, karani wa Fouquet, alifungwa katika gereza la Bastille, na kutoka humo akaandika utetezi wa bwana wake. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka minne.

Twajifunza nini kwa hao? Kwamba kupokea mkono wa mtu si lazima kuuza nafsi. La Fontaine na Pellisson walikuwa wamekula mkate wa Fouquet kama wengine wote. Tofauti ilionekana siku mkate ulipokwisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walimwonyesha kwamba nyuma ya mfadhili walikuwa wamemwona mtu.

Mfalme naye alikuwa amejifunza jambo. Hakutaka tena mtumishi yeyote awe chemchemi ya fadhila. Fadhila zote zitoke kwake. Mwaka 1682 alihamishia makao ya serikali Versailles, na wakubwa wa nchi wakamfuata. Walishindania kuwapo chumbani mwake asubuhi anapoamka. Kushika kinara cha mshumaa usiku mfalme anapovua nguo ilikuwa heshima kubwa. Lilikuwako pia koti la buluu lenye nakshi za dhahabu na fedha ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulivaa ila mwenye hati ya mfalme. Watu waliokuwa na ardhi, askari na majina ya kale walihesabu siku zao kwa kutazamwa au kutotazamwa. Hawakufungwa minyororo. Lango lilikuwa wazi, lakini anayetoka anasahauliwa, na anayesahauliwa hapati cheo wala posho wala mume wa kumwoza binti yake.

Kibali kilipoingia kanisani

Hapo tulipofika wengine watasema: hayo ni mambo ya siasa, sisi yatuhusu nini? Basi tumfuate Pellisson hatua moja zaidi, maana habari zake ndizo zinazotuumiza kuliko zote.

Pellisson alizaliwa na kulelewa katika Kanisa la Kiprotestanti la Ufaransa. Waprotestanti waliishi nchini kwa hati ya Nantes, iliyotolewa na Mfalme Henri wa 4 mwaka 1598. Hati hiyo iliwapa ruhusa ya kuabudu mahali palipotajwa. Ilikuwa kibali, na waliishi chini ya kibali hicho kwa karibu miaka 90. Pellisson alipotoka gerezani, mfalme alimpenda kwa uaminifu wake na kalamu yake, akamfanya mwandishi wa habari za utawala wake. Mwaka 1670 Pellisson aliingia Kanisa Katoliki. Hatuwezi kuuhukumu moyo wake. Mungu peke yake anajua alichoamini. Lakini kuanzia mwaka 1676 alisimamia mfuko uliotoa fedha kwa Waprotestanti waliokubali kuacha imani yao. Waliopokea wengi walikuwa maskini, na walichopewa kilikuwa kidogo.

Tusimame hapo kidogo. Mtu aliyekataa kumwacha bwana wake aliyeanguka, aliyestahimili Bastille, sasa anakaa mezani akihesabu fedha za kununulia imani ya ndugu zake. Kile ambacho gereza halikuweza kumfanya, kibali kilimfanya. Je, hatujui watu wa namna hiyo? Je, sisi wenyewe hatukuwahi kuwa imara njaani na tukalegea tuliposhiba?

Oktoba 1685 mfalme aliifuta hati ya Nantes. Nyumba za ibada zilibomolewa. Wachungaji waliokataa kuiacha imani walipewa siku 15 kuondoka nchini. Washarika wao walikatazwa kuondoka, lakini watu wapatao 200,000 walitoroka kwenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na kwingineko. Kilichotolewa kwa kalamu ya mfalme mmoja kiliondolewa kwa kalamu ya mwingine.

Wahubiri je? Katika Kwaresima ya mwaka 1662, nchi ikiwa na njaa kali, Jacques-Bénigne Bossuet alihubiri mbele ya mfalme katika jumba la Louvre juu ya tajiri na Lazaro wa Luka 16. Aliwakumbusha wakubwa habari za maskini wanaokufa milangoni pao. Ilihitaji ujasiri, nasi tunamheshimu kwa hilo. Lakini baada ya hati ya Nantes kufutwa, Bossuet huyo huyo, sasa akiwa askofu mwenye heshima kubwa mbele ya mfalme, alimsifu hadharani kwa tendo hilo, akimlinganisha na wafalme wakuu wa Kikristo wa kale. Bila shaka aliamini alichosema. Na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kibali cha muda mrefu hakimfanyi mhubiri aseme asichokiamini. Humfanya aanze kuamini kile kinachompendeza mkubwa.

Na sisi Walutheri

Tusifikiri kwamba tunasimama nje ya habari hizi. Kanisa letu lilizaliwa chini ya mbawa za mfadhili. Martin Luther alipotangazwa kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria mwaka 1521, Friedrich Mwenye Hekima, mtawala wa Saxony, alimficha katika ngome ya Wartburg. Bila mkono wa mtawala huyo huenda Luther angalichomwa moto kama Jan Hus. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Friedrich.

Lakini Machi 1522 usharika wa Wittenberg ulipokuwa katika vurugu, Luther alitoka mafichoni bila idhini ya mtawala. Akiwa njiani alimwandikia barua, akimweleza kwamba anakwenda Wittenberg chini ya ulinzi ulio mkuu kuliko wa mtawala, tena kwamba mwenye imani zaidi ndiye atakayeweza kumlinda mwenzake. Huyo ni mtu aliyepokea fadhila bila kuinama mbele yake.

Hata hivyo Luther huyo huyo alianguka. Mwaka 1539 Philipp wa Hesse, mtawala ambaye Wajerumani wa Kiinjili walimtegemea kwa ulinzi wao, aliomba ushauri ili aoe mke wa pili huku wa kwanza yupo. Luther na Melanchthon waliridhia kwa siri. Je, mkulima maskini angalipata jibu hilo? Tunajua jibu, na tunaona aibu. Afadhali tuone aibu kuliko kusema uongo juu ya mababa zetu.

Neema ni kitu gani?

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Kibali ni upendeleo, lakini pia ni ile karatasi tunayoifuata ofisini: kibali cha kujenga, kibali cha kufanya biashara, kibali cha kuishi nchini. Kina tarehe ya mwisho. Mwenye mamlaka hukitoa na hukifuta, na hadaiwi maelezo. Ndiyo maana aliye nacho halali usingizi mzuri. Anauliza kila siku: je, bado ninapendwa?

Neema si hivyo. Mtume Paulo katika Warumi 5 atufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Maana yake, Mungu alitupenda tukiwa hatuna karamu ya kumwandalia. Methali yasema mkono mtupu haulambwi, na katika majumba ya wafalme ndivyo ilivyo. Lakini kwa Mungu mikono mitupu ndiyo peke yake inayoweza kupokea. Na alichotoa katika ubatizo wetu hakukitoa kwa kalamu itakayofutwa na mfalme ajaye.

Mtu atauliza: je, neema nayo haitufanyi wadeni? Mbona twaambiwa tutoe maisha yetu yote? Ni kweli, lakini tuangalie deni hilo linatupeleka wapi. Mfalme wa Versailles aliwataka wote wageuze nyuso zao kwake. Kristo aliyetupokea anatugeuza nyuso tumtazame jirani: mwenye njaa, mgeni, mfungwa. Anasema katika Mathayo 25 kwamba huko ndiko tutakakomkuta. Luther katika Katekisimo Kubwa, akiieleza amri ya kwanza, afundisha kwamba mungu wa mtu ni yule ambaye moyo wake unamtumaini na kumkimbilia. Basi hatukatazwi kuwa na mfadhili. Tunakatazwa kuwa na mfadhili ambaye moyo wetu hauwezi kuishi bila yeye.

Sasa turudi katika sharika zetu. Tunajenga makanisa, tunalipa karo za watoto yatima, tunanunua vyombo vya kwaya, na kwa hayo yote tunawahitaji wenye mali. Ni halali tuwaalike na tuwashukuru. Lakini tumepata kumwona mtu aliyeketi kiti cha mbele kila harambee, jina lake likitajwa na kupigiwa makofi, na mwaka biashara yake ilipoanguka hakuna aliyebisha hodi kwake. Sisi wachungaji tulikuwamo miongoni mwa wasiobisha. Tulisema tuna shughuli nyingi. Siku ile ilionekana kwamba hatukuwahi kumpenda mtu yule. Tulipenda bahasha yake. Naye, kama Fouquet, alijifunza kwa uchungu ni nini alichokuwa amenunua.

Tulimtenda dhambi mara mbili. Alipokuwa tajiri hatukumhubiria toba, kwa kuogopa kupoteza mchango wake. Alipokuwa maskini hatukumpelekea faraja, kwa kuwa hakuwa na mchango. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake aonya juu ya kumketisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na maskini chini. Tumezoea kuona kwamba huko ni kumdhulumu maskini. Ni kumdhulumu tajiri pia, maana tunamnyima Injili na kumpa kiti.

Kwa hiyo tunapoomba kibali, tuombe na moyo wa kukitumia. Esta alipata kibali, na siku ilipofika alikuwa tayari kukipoteza pamoja na uhai wake kwa ajili ya watu wake. Kila mmoja wetu aliyepewa nafasi karibu na mkubwa ajiulize: je, nikiona dhuluma nitasema? Yule ambaye mkubwa amemkasirikia, je, nitakwenda kumjulia hali? Nikiondolewa kesho, je, nitaweza bado kumwita Mungu Baba yangu na kulala?

Na kama kuna mtu katika usharika wetu ambaye zamani alikuwa wa mbele na sasa hatumwoni, tusingoje kikao kiamue. Twende kwake juma hili. Tusiende kuomba kitu wala kumhoji. Tuketi naye, tusome Zaburi ya 146, inayotuonya tusiwatumainie wakuu, kisha tule pamoja kilichopo.